Maswali Yaliyolala Mlimani

Sikio lake lilikuwa limesoma kuliko yeye mwenyewe. Yeye aliishia darasa la saba, akafunga daftari, akaenda zake. Sikio likaendelea na shule miaka ishirini na mmoja mingine, likiwa limebanwa ndani ya kisikilizio cheusi kwenye chumba cha mitambo ya simu, pale alipokuwa akichomeka nyaya na kuwaunganisha watu ambao hakupata kuwaona. Akisikia "halo" moja tu, alikwisha jua: huyu ana mgonjwa, huyu anaona haya, huyu kapiga kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Siku mitambo ilipong'olewa na mashine ikaanza kuunganisha watu yenyewe, alitoka na mfuko wenye kikombe chake, sweta lake, na lile sikio.

Ndiyo maana ofisi ya watengeneza programu ilipomwajiri kukaa mapokezi, hakunung'unika kwamba simu ya mezani hailii. Siku hizi kila mtu ana yake mfukoni. Wageni nao walikuwa wa kuhesabika: mleta maji, fundi wa viyoyozi, na watu wenye shavu lililovimba waliopotea wakitafuta daktari wa meno wa ghorofa ya juu. Alikaa nyuma ya meza yake, jua likaingia kupitia mlango wa kioo na kutambaa sakafuni, kigae baada ya kigae, naye akalifuata kwa macho mpaka limguse viatu. Hapo alijua ni saa nne. Muda mwingine wote ulikuwa kama maji ya bakuli, umetulia, unaonyesha dari.

Meneja ndiye aliyeyatibua maji hayo. Alikuwa kijana mwembamba, anatembea kama mtu aliyesahau jiko linawaka.

"Mama, unajua kuandika haraka?"

"Naandika, mwanangu. Haraka ya nani?"

Meneja akacheka, akavuta kiti. Akamweleza kwamba ile programu wanayotengeneza, ya kadi za chanjo, ina mafundi sehemu tatu. Mtoto achanjwe kliniki yoyote, nesi wa kliniki nyingine afungue kompyuta aione kadi yake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Timu moja iko hapa ofisini, ya pili iko katika mji mmoja huko mlimani, na ya tatu iko ng'ambo, ambako watu wanaamka wakati huku wanakula chakula cha mchana. Kila siku saa nane wote wanakutana kwenye kompyuta, kila mmoja na kidirisha chake, wanaambiana wamefanya nini na wamekwama wapi. Alihitaji mtu wa kuandika nani kasema nini, maana kila wiki timu moja inaapa iliambiwa hivi na nyingine inaapa haikusema hivyo.

"Usiseme chochote," Meneja alimwambia. "Wewe sikiliza tu."

Kumwambia mama yule asikilize tu ni kumwambia samaki aogelee tu.

Hakuwahi kufika mlimani, wala ng'ambo. Lakini saa nane ilipofika na vidirisha vikaanza kuwaka kimoja kimoja, alijihisi kama mtu aliyekaa ukumbini katika nyumba moja kubwa kupita kiasi: chumba kimoja kimejaa ukungu, kingine ndiyo kwanza kunapambazuka, na hiki cha kwake kina uzito wa baada ya kula. Watu wa vyumba hivyo wanaitana kupitia kuta. Kule ng'ambo mtu anapiga miayo na kukoroga kitu kwenye kikombe. Mlimani, dirisha lililo nyuma ya mkuu wao lilikuwa jeupe siku zote, kama shuka lililoanikwa, na kwa sababu hiyo watu wa ofisini walimbatiza mkuu huyo Dada wa Ukungu. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuzungumza karibu na mtoto aliyelala. Kila siku alianza vilevile.

"Samahani, narudia swali la jana."

"Wanaanza hao," mtu wa ofisini angenong'ona, kipaza sauti kimefungwa, na wenzake wangecheka puani.

Aliyekuwa akijibu zaidi alikuwa Fundi Mkuu, aliyekaa palepale ofisini, meza ya pili kutoka mapokezi. Mtu mwema, kifua kipana, mcheshi. Programu yote ilikuwa kichwani mwake, na kila aliyekwama alimkimbilia yeye. "Hilo swali zuri," angesema. "Nitakujibu." Na alimaanisha. Ila kabla hajainua mkono kuandika, mwingine alikuwa amekwisha msimamia mgongoni na lake.

Wiki ya pili, yule mama alianza kuchora. Swali likiulizwa leo likapata jibu leo, aliliacha. Likifika kesho halijajibiwa, alichora pembeni kistari kimoja cha kulala. Kila usiku uliolipita swali, kistari kingine. Aliyaita maswali yaliyolala. Hakuwa na mpango wowote. Mkono uliozoea kazi unatafuta kazi. Lakini baada ya miezi miwili aliona kitu. Wiki yenye vistari vitatu vinne, kazi ilitoka Ijumaa kama ilivyoahidiwa. Wiki yenye vistari kumi, haikutoka, hata kama watu walikaa vitini mpaka migongo ikapinda.

Siku moja Fundi Mkuu alipokuja kuazima kalamu, alimwambia tu, kama anavyosema mvua inakuja: "Ijumaa hii haitoki, baba."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimesikia."

"Umesikia wapi wewe?"

"Kwenye kunyamaza kwenu."

Haikutoka. Wiki iliyofuata alisema itachelewa siku mbili, ikachelewa siku mbili. Wiki ya tatu alisema itawahi, ikawahi, na Fundi Mkuu akaja mapokezi na kupiga magoti kwa mzaha. "Mtabiri! Niangalie na mimi nyota yangu. Nitaoa lini?"

"Mkeo akikusikia, utaoa kesho."

Jina likaganda. Mtabiri. Alilichukia kidogo na kulipenda sana.

Meneja hakuwa na utani nalo. Alikuwa na jedwali lake, alilotengenezewa na mtaalamu: idadi ya mafundi, zidisha kwa saa za kazi, ondoa likizo, gawanya kwa hiki na kile, unapata kila timu itamaliza nini na lini. Lilikuwa na rangi tatu na lilipendeza macho. Tatizo lake lilikuwa moja tu, halikuwahi kupatia. Alipoliweka kando ya daftari la Mtabiri, alijikuna kidevu. Toka siku hiyo, kila Alhamisi mama wa mapokezi alitakiwa kutoa makadirio: timu hii wiki ijayo itatoa nini, ile itakwama wapi. Walimpa kompyuta ndogo. Binti yake, aliyekuwa akikaa naye pamoja na mtoto wake mchanga wakati baba wa mtoto yuko kazini mbali, alimwona akirudi nyumbani anatembea kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka ukingoni.

"Mama, umepandishwa cheo?"

"Sijui kama ni kupanda. Ila sasa nikisema, wanaandika."

Ikaja barua ya wakubwa wa kliniki. Kazi inachelewa, ongezeni kasi, au tuwape wengine. Meneja alishinda siku mbili mlango umefungwa. Ijumaa mchana akamwita Mtabiri ofisini kwake. Mezani palikuwa na karatasi moja safi, na juu yake, kwa herufi nono, zilikuwa namba zake yeye. Maswali yaliyolala, miezi mitatu. Hapa, kumi na manne. Ng'ambo, kumi na tisa. Mlimani, sitini na moja.

Hakuwahi kuona kitu chake kimechapishwa. Alitamani kukigusa.

"Umenifungua macho, Mama," Meneja alisema. "Nilikuwa najiuliza kazi inazama wapi. Kumbe inazama mlimani. Jumatatu nawaaga. Watu wanane, kazi yao nitaileta hapa kwa Fundi Mkuu na vijana wake. Kwa namba zako tutamaliza wiki nane badala ya kumi na nne."

"Unawaaga... kabisa?"

"Sina furaha nayo. Lakini namba ndizo hizo."

Alirudi mezani kwake, akaketi. Jua lilikuwa limekwisha ondoka sakafuni. Jana yake tu, Dada wa Ukungu alikuwa amegeuza kompyuta kuwaonyesha wote meza mpya waliyotengenezewa, ndefu, ya mbao inayonukia, akisema sasa wote wanane watakaa upande mmoja, hakuna tena wa kugeukiana migongo. Nyuma yake mtu alipiga meza kwa viganja, pa-pa-pa, kama ngoma. Mtabiri aliisikia ngoma hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Alijiambia namba ni namba. Alijiambia hakuwafukuza yeye. Maneno hayo yalikaa mdomoni kama ganda la dawa lisilotaka kushuka.

Jumamosi asubuhi palikuwa na mwanga mwembamba, wa maziwa. Binti alikuwa uani anaanika nguo za mtoto, vijisoksi na vijishati, upepo unavivaa kimoja kimoja na kuvivua. Mtabiri alikaa kwenye ngazi ya mlango, daftari magotini, akipitia kurasa bila kujua anatafuta nini. Mjukuu wake, aliyepewa jina lake na ambaye kwa hiyo walikuwa wakiitana somo, alikuwa mkekani, miezi kumi na moja, meno manne. Hajui kutembea bado. Anajua kuita.

"Ba!" akaita. Halafu tena. "Ba! Ba! Ba!"

Mtabiri aligeuza ukurasa.

"Baaa!"

"Somo yangu ana kelele leo," alisema bila kuinua macho.

Binti yake aliongea na kibanio cha nguo mdomoni. "Hana kelele, Mama. Hajaitikiwa." Akakitoa kibanio. "Kakuita mara tano. Ungekuwa unamwandika humo kwenye daftari lako ungeandika mtoto mara tano, bibi hakuna kitu. Na mkosaji angekuwa nani?"

Alisema kwa utani, akaendelea kuanika. Lakini mama yake alikuwa ameganda, kidole juu ya ukurasa.

Alimpakata somo wake, akamweka pajani, na mtoto akanyamaza papo hapo, akaanza kuvuta kona ya daftari. Mtabiri akatazama vistari vyake. Kila kistari alikiandika kwenye mstari wa timu iliyouliza. Kila kimoja. Mlimani waliuliza, swali likalala, kistari kikaenda mlimani. Kwa nini hakuwahi hata kujishauri? Jibu lilikuwa mikononi mwake, mikono ya opereta. Miaka ishirini na mmoja, kila simu iliyopitia kwake aliiandika kwenye jina la aliyepiga, maana ndiye anayelipia. Aliyepigiwa alikuwa hana dhambi. Yeye kaitwa tu. Mkono ulihamia ofisi mpya na desturi ya ofisi ya zamani, na yeye hakuuliza umebeba nini.

"Mungu wangu," alisema. "Nimewatoza waliopiga."

"Nini?"

"Hakuna kitu. Nipe kalamu nyingine, mama. Yenye rangi."

Alikaa hapo mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia na kumpita. Alichukua swali moja moja, tangu la kwanza, akaliuliza: wewe ulikuwa unamsubiri nani? Na maswali, kama watu walioachwa muda mrefu kwenye viti vya mapokezi, yalionekana kumwinulia nyuso. Hili lilikaa siku mbili likimsubiri wa ng'ambo. Hili, siku nane, limebeba bahasha yake magotini, linamtazama kila anayepita, halithubutu kusimama. Alikuwa ameyapita hayo kila asubuhi, akayaandikia kwamba yanajaza chumba. Wakati fulani alisinzia na mtoto kifuani, na katika usingizi ule wa jua aliona ukumbi mrefu, mweupe kama dirisha la mlimani, na watu wameketi wamejipanga mpaka macho yanaposhindwa, wote wapole, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Alipomaliza, hesabu ilikuwa imegeuka miguu juu. Maswali yalikuwa tisini na manne, yaleyale. Yaliyomsubiri mtu wa mlimani yalikuwa saba. Ya ng'ambo, ishirini na saba. Ya hapa ofisini, sitini. Na katika hayo sitini, hamsini na mawili yalikuwa yakimsubiri mtu mmoja, mwenye kifua kipana, aliyempa jina la Mtabiri.

"Unaenda kusema?" binti yake alimuuliza jioni, mtoto akiwa anaoga kwenye beseni kati yao.

"Nikisema, nani atanitaka tena? Mtu wa mapokezi anapatikana popote."

Binti alimwagia mtoto maji mgongoni kwa kiganja, polepole. Mshahara wa mama yake ndio uliokuwa unawashikilia wote watatu, na hakuna aliyehitaji kulitaja hilo.

"Wao je, wale wanane?"

"Ndiyo hapo."

"Basi unaenda kusema," binti akasema, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani.

Jumatatu alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Meneja aliingia na simu sikioni, akamwinulia kidole: baadaye. Saa tatu, mlango umefungwa. Saa tano, bado. Mtabiri alisimama nje ya mlango ule na karatasi yake mpya, akakaa, akasimama tena. Saa saba kasoro mlango ukafunguka.

"Mwanangu, zile namba zimekosewa. Nimekosea mimi. Niliwaandikia waliouliza badala ya—"

"Mama." Meneja alisugua macho, hakuwa amelala, ilionekana. "Karatasi hiyo nimewaonyesha wakubwa wangu. Leo nikiwaambia ilikosewa, kesho nani ataamini nyingine? Ataniamini nani mimi? Atakuamini nani wewe?"

"Lakini soma tu hii."

"Baada ya kikao. Nakuahidi. Baada ya kikao."

"Baada ya kikao watakuwa wamekwisha ondoka."

Simu yake ikalia. Mlango ukafungwa, kwa adabu.

Saa nane vidirisha vikawaka. Ng'ambo walikuwa wanapiga miayo. Mlimani walikaa wote wanane upande mmoja wa meza yao mpya, mabega yamegusana kama ndege kwenye waya, na dirisha jeupe nyuma yao. Mtabiri alikuwa na kidirisha chake pia, cheusi, kimeandikwa Mapokezi. Miezi yote hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba ndani yake mna mtu. Meneja alikohoa. "Kabla ya yote," akasema, "nina jambo zito kidogo, linawahusu wenzetu wa mlimani."

Mtabiri alibonyeza kitufe. Kidirisha cheusi kikafunguka, na watu wa sehemu tatu za dunia wakaona mama wa makamo, sweta la kijani, miwani imeshuka puani.

"Samahanini," alisema. Sauti yake ilimshtua yeye mwenyewe. "Mimi ni wa mapokezi. Nina kosa la kusema, na likisemwa baadaye halitakuwa na kazi."

"Mama, tulikubaliana—"

"Tarehe tatu ya mwezi ule wa kwanza," akaanza kusoma, "mlimani waliuliza: mtoto akichanjwa kliniki mbili, tunafuata kadi ipi? Swali lilikuwa linaisubiri ofisi ya hapa. Lililala siku nane. Siku ya tano wakabahatisha, wakatengeneza. Siku ya tisa wakaambiwa sivyo, wakabomoa. Tarehe kumi, mlimani waliuliza: tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, nesi ajaze nini? Linaisubiri ofisi ya hapa. Siku sita. Tarehe kumi na moja, ng'ambo waliuliza—"

Hakuna aliyemkatiza. Alisoma kama alivyokuwa akisoma namba zamani, wazi, bila kupandisha sauti, na kila swali likasimama, likasikiwa, likakaa. Kufika la ishirini na kitu, Dada wa Ukungu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kijana mmoja pembeni yake alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jina la ndugu aliyepotea.

"Mimi haya yote niliyaandika kwenye hesabu ya waliouliza," Mtabiri alimalizia. "Ndiyo namba iliyopelekwa juu, kwamba kazi inakwama mlimani. Si kweli. Mlimani ndipo panapoulizwa. Inakwama kwa anayengojwa. Kosa ni langu, si la Meneja, wala la karatasi."

Kimya kilichofuata alikifahamu. Ni kile cha laini iliyo wazi pande zote mbili na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupumua.

Aliyepumua alikuwa Fundi Mkuu. "Mangapi yalikuwa yananisubiri mimi?"

"Baba, tunaweza—"

"Mangapi?"

"Hamsini na mawili."

Fundi Mkuu alitazama mikono yake. "Niliyaona," alisema. "Karibu yote. Nilijua nitajibu. Mengine naapa nilijibu... kichwani nilijibu." Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Meneja alikuwa mwekundu wa macho, ameegemea kiti. Alipozungumza hakuwatazama wengine. Alimtazama mama wa sweta la kijani. "Haya. Nikiwafunga mlimani nikaleta kazi hapa. Wiki ngapi?"

"Ukiwafunga, maswali yao hayafungwi. Yatahamia kwa mtu yuleyule aliyekosa nafasi ya kuyajibu. Ishirini, na pengine zaidi."

"Na nikiwaacha?"

"Ukiwaacha, na kila swali likajibiwa kabla siku ya aliyeuliza haijaisha, na hayo hamsini na mawili yakagawanywa yasimlemee mtu mmoja... kumi."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika Ijumaa, mwanangu. Leo nina masikio tu."

Kule ng'ambo mtu alicheka, akajizuia. Meneja alifumba macho muda mrefu, mpaka wengine wakadhani picha yake imekwama. Kisha akasema hatasema lile jambo zito. Akasema atarudi kwa wakubwa wake na karatasi mbili mkononi, iliyokosewa na iliyosahihishwa, aone watamfanya nini. "Mlimani, endeleeni na kazi," akasema, na sauti ikamkatika kidogo mwishoni.

Wakubwa walimfokea, ikaisha. Mlimani hawakufungwa. Ila namba za Mtabiri hazikutoka tena nje ya jengo. Hilo waliliamua juu, na Meneja alimwambia akiwa amesimama, akiangalia zulia. Alibaki na meza yake ya mapokezi, na daftari, na kikao cha saa nane. Kazi ilitoka wiki ya kumi na mbili. Alikuwa amekosea kwa wiki mbili, na hakuna aliyemtania.

Lakini mwanzoni, tangu siku ya kikao kile, Fundi Mkuu alikuwa hamsemeshi. Alipita mapokezi asubuhi na jioni shingo imekaza, kama mtu mwenye jipu. Hali hiyo ilikwenda siku tisa. Siku ya kumi alisimama mbele ya meza.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Kabla ya kunianika mbele ya dunia."

"Ningekuambia, baba," alimjibu kwa upole. "Ungenijibu lini?"

Kicheko kilimpanda Fundi Mkuu kutoka tumboni bila ruhusa yake, akageuka kukificha, akaondoka nacho mabegani.

Haikupita saa moja akarudi, kompyuta imefunguliwa kiganjani kama sahani. Mlimani walikuwa wameuliza asubuhi hiyo kuhusu watoto mapacha wenye jina linalofanana herufi kwa herufi, na jibu lake lilikuwa limejaza nusu ya skrini.

"Andika," alimwambia, akigonga daftari kwa kidole. "Mapacha, nimejibu. Na saa uandike. Saa nne na dakika kumi."

Mtabiri alitazama saa ya ukutani.

"Na dakika kumi na mbili," alisema, akaandika.